Ndege Asiyekuwapo

Usiku wa nne wa majaribio, saa nane kasorobo.
Antena inazunguka, sekunde nne mzunguko,
kama mtu anayekoroga uji wa mgonjwa,
nami nahesabu.

Ndege yetu ya kupimia, injini mbili, rubani Mwakalukwa,
iko upande wa Kisarawe inapiga duara,
inarudi, inapiga tena, kila mara chini zaidi.
Ina kifaa tumboni kinachoandika yake:
niko hapa. Niko hapa. Sasa hapa.
Rada nayo inaandika yake.
Kazi yangu ni kuyalaza madaftari mawili ubavu kwa ubavu
na kuuliza nani kamwona nani,
na amechelewa kiasi gani.

Maana kioo hakisemi uongo.
Kinasema kitambo.
Nukta hii ya kijani ninayoiita Mwakalukwa
ni Mwakalukwa wa sekunde tano nyuma;
mwenyewe keshasogea nusu kilomita,
keshapiga chafya, pengine,
keshabadili mawazo.

Jana alfajiri walipita kunguru wa dampo la Pugu,
wengi, wamejaa kioo kizima.
Mashine ikauliza: ndege?
Ningejibu nini?
Ndege wa, ndege ya:
herufi moja ndiyo inayotenga nyama na chuma,
na rada haikusoma ngeli.

Saa nane na dakika kumi na saba
ikatokea nukta ya pili.
Kaskazini-mashariki, baharini, nje kidogo ya Posta,
futi zilezile,
jina lilelile.
Nikampigia Tusekile kule mnarani:
Una mtu baharini?
Sina mtu. Wewe una nini?
Nina mzuka.
Akacheka.
Kisha nikasikia kiti chake kikisogezwa karibu na kioo.

Si mzuka. Ni jengo jipya la vioo,
ghorofa thelathini na kitu,
limedaka mawimbi yetu likamrushia rubani,
naye kajibu kwa adabu,
na jibu likarudi kwa njia ya jengo.
Nimeandika: *Mwakisiko. Mizunguko sita.*
Sikuandika kwamba katika mizunguko hiyo sita
mtu mzima, mwenye shahada,
nilianza kumwonea huruma yule wa pili,
asiye na mafuta, asiye na mahali pa kutua.

Sasa hesabu.
Kiwango kinataka tisini na saba kwa mia.
Tumepata tisini na saba.
Mhandisi Lwehabura atafurahi, fomu anaitaka Ijumaa,
na fomu ina visanduku viwili tu,
INAFAA, HAIFAI,
hakuna cha *inafaa, ila*.

Ila zile tatu hazikutawanyika.
Laiti zingetawanyika, moja huku, moja kule,
kama punje zinazodondoka gunia likibebwa.
Zote zimelala mahali pamoja,
nyuma ya vilima vya Pugu, chini ya futi elfu moja,
palepale vijindege vya kutoka mbugani
hushuka kukwepa mawingu ya masika.
Wastani ni shuka fupi.
Mjini limefunika hadi kidevu.
Pugu, miguu iko nje.

Saa kumi Mwakalukwa akatua.
Nukta ikazimika kabla magurudumu hayajagusa,
kwa hiyo nikatoka nje kumtafuta kwa macho,
taa moja nyekundu, moja ya kijani,
lami imelowa, harufu ya mafuta ya taa.
Akaja na chupa yake ya chai kwapani.

Uliniona muda wote?

Kuna wakati nilikuona mara mbili, nikasema.
Kuna wakati sikukuona kabisa.

Pugu?

Pugu.

Akafungua chupa, akamimina kifunikoni, akanipa mimi kwanza.
Nilikuwapo, akasema.